Waulize Mafundi: Avanti ya Studebaker, uzuri juu na kutu chini

Barua za mwezi huu karibu zote zimeangukia gari moja: Studebaker Avanti, gari la milango miwili lililotengenezwa South Bend, Indiana, kuanzia 1962 hadi Desemba 1963, kiwanda kilipofungwa. Zilitoka 4,643 tu: 3,834 za modeli ya 1963 na 809 za modeli ya 1964. Umbo lake lilibuniwa na timu ya Raymond Loewy huko Palm Springs, California. Ukiliona mara moja hulisahau, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapoponzwa: jicho linabaki juu, ugonjwa uko chini.

Kabla ya kutoa pesa

*Ndugu mafundi, salaam. Naishi Columbus, Ohio. Kuna mzee anauza Avanti ya 1963 iliyolala gerejini tangu miaka ya tisini. Anasema ni R2, yenye supachaja (kifaa cha kusukumia hewa kwenye injini), na kwamba bodi ni ya faibaglasi kwa hiyo gari halijui kutu. Rangi imepauka lakini moyo wangu umeshalipenda. Niangalie nini kabla ya kulipa?*

Ndugu msomaji, mzee wako amesema nusu ya ukweli. Bodi ya Avanti haishiki kutu, lakini imekalia chuma, na chuma hicho kinaoza kama cha gari lolote lililopita kwenye chumvi inayomwagwa barabarani Ohio wakati wa theluji. Gari la bati likioza unaona malengelenge kwenye rangi. Hili halikuonyeshi chochote. Kwa hiyo nenda na nguo za kulalia chini, tochi kali, bisibisi ndefu na nyundo ndogo. Rangi utaitazama mwisho.

Anza na mihimili miwili inayopita chini ya milango, mmoja kila upande. Wenye Avanti huko Marekani huiita mahori ya nguruwe, kwa sababu ya umbo lake: bati lililokunjwa kama hori, uwazi ukiwa juu, kisha faibaglasi imelifunika. Hori ndilo linaloibeba bodi na kuishikisha kwenye fremu. Maji na tope vikishaingia humo havina pa kutokea, na bati linaliwa kutoka ndani kuja nje. Ndiyo maana ukilitazama kwa nje unaweza kuona chuma kizima ambacho kimebaki unene wa karatasi. Ligonge kwa nyundo taratibu kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia kwa sauti kali, kilichooza kinatoa mlio mzito uliokufa. Panapotia shaka sukuma bisibisi. Na ukikuta hori limepakwa lami nyeusi mbichi wakati sehemu nyingine za chini zina vumbi la miaka thelathini, uliza kwa nini.

Kisha soma milango. Ifungue, shika ncha ya nyuma, inua. Ikicheza, bawaba zimechoka, na hilo ni jambo dogo. Ifunge, utazame mwanya wa nyuma ya mlango. Mwanya ukiwa finyu juu na mpana chini, bodi imebonyea katikati na hori limeacha kazi. Rudi chini ya gari, kagua fremu yenyewe mbele ya magurudumu ya nyuma, na mikono ya chuma inayotoka kwenye fremu kwenda kubeba bodi.

Sasa namba. Gari la 1963 lina namba inayoanza na 63R ikifuatwa na tarakimu nne, kuanzia 1001 hadi 4834. La 1964 linaanzia R4835 na kuishia R5643. Ukikuta namba inayoanza na RQ, hiyo ni Avanti II, iliyotengenezwa baadaye na kampuni nyingine kwa injini ya Chevrolet. Ni gari zuri, ila si hili, na bei yake si hii. Namba iliyo kwenye kibao cha fremu, chini ya boneti, lazima ilingane na hati ya umiliki herufi kwa herufi. Isipolingana, usitoe hata senti ya kishika nafasi.

Injini nayo ina namba yake, imegongwa juu ya bloku, mbele, upande wa dereva. Injini ya R1 ya Avanti, isiyo na supachaja, inaanza na R, ya R2 inaanza na RS. Ukiona JT au JTS, hiyo ilitoka kwenye Hawk au Lark, magari mengine ya Studebaker. Kwa nini tunang'ang'ania herufi mbili? Kwa sababu supachaja ya Paxton inaweza kufungwa juu ya R1 ndani ya siku moja tu, lakini R1 ina mgandamizo wa 10.25 kwa 1 na R2 ina 9.0 kwa 1. Ukisukumia hewa injini ya mgandamizo mkubwa, petroli inajilipukia kabla ya wakati wake na pistoni zinapasuka. R2 ya bandia basi ni hatari kwa injini mbali na kuwa udanganyifu wa bei. Dawa ya ubishi ni hii: Studebaker National Museum ya South Bend inauza nakala ya karatasi ya kiwandani ya kila gari kwa namba yake. Inaonyesha gari lilitoka na injini gani, giaboksi gani, rangi gani. Iagize kabla ya kulipa.

Mengine kwa haraka. Ingia ndani ya gari, funga vioo, vuta pumzi. Tangi la mafuta limesimama nyuma tu ya kiti cha nyuma, na mpira unaounganisha mdomo wa kujazia na tangi hukauka na kupasuka. Harufu ya petroli maana yake mpira huo ubadilishwe kabla ya safari yoyote. Tazama pia kama kioo cha nyuma kina vishikizo vyake. Magari ya mwanzo yaliwahi kung'oka kioo hicho kwenye mwendo mkali, hewa ya ndani ikikisukuma nje.

Na usikubali mzee akuwashie injini "uisikie". Injini iliyolala miaka thelathini ing'olewe plagi zote nane, kila silinda itiwe oili kijiko kimoja, ilale usiku mzima, kisha izungushwe kwa spana kwenye nati ya mbele ya kreki. Ikizunguka mizunguko miwili kamili kwa mkono bila kukwama, hapo ndipo mnaweza kuzungumza habari ya betri.

Hori limeoza, nafanyaje?

*Wakuu, mimi nimeshanunua, ushauri wa kabla umenipita. Niko Minneapolis. Bisibisi imezama kwenye mahori yote mawili, na mlango wa dereva lazima uubebe ndipo ufunge. Nina welda na nafasi ya kutosha. Nikate nianze?*

Subiri kwanza, usikate. Ukiliondoa hori wakati bodi imebonyea, kisha ukafunga jipya, utakuwa umeufunga ubonyevu huo moja kwa moja. Milango haitakaa sawa tena mpaka urudie kazi yote.

Mahori mapya yanauzwa na wauzaji wa spea za Studebaker, ya bati lililopakwa zinki au ya chuma kisichoshika kutu. Chukua hicho cha pili kama mfuko unaruhusu, maana hii si kazi ya kurudia. Kiraka cha kuchomelea juu ya bati lililooza hakisaidii, na faibaglasi iliyo sentimita chache tu kutoka kwenye moto wa welda inaweza kuwaka.

Gari likae kwenye stendi zilizowekwa chini ya fremu, lisimame sawa, si kwenye sakafu yenye mteremko. Milango ibaki kwenye bawaba zake na ifungwe, kwa sababu mwanya wake ndio kipimo chako. Weka ubao mrefu na mnene chini ya ukingo wa bodi, ndani kidogo ya hori, na jeki mbili chini ya ubao. Pandisha jeki taratibu, robo mzunguko kwa robo mzunguko, ukitazama mwanya wa mlango. Ukishakuwa sawa juu na chini, simama hapo. Funga na mlango uone kama kitasa kinaingia bila kubebwa. Andika vipimo kwa penseli kwenye bodi.

Fanya upande mmoja mpaka uishe. Pande zote mbili zikiwa wazi kwa pamoja, bodi inakuwa haina cha kuishikilia na inajikunja.

Fungua bolti za bodi upande huo. Kati ya bodi na fremu utakuta vipande vyembamba vya kusawazisha. Hesabu vilivyokuwa kila bolti, uvifunge kwa uzi, uandike mahali vilipotoka. Wengi huvikusanya kwenye kopo moja, halafu wanashangaa kwa nini boneti hailingani tena na mabawa. Bolti zitakuwa zimeganda, kwa hiyo zinyunyizie mafuta ya kulegeza kutu siku mbili kabla, na zinazokataa zikate kwa msumeno, si kwa kuzilazimisha, maana faibaglasi inapasuka kabla bolti haijasalimu amri. Kisha toboa vichwa vya ribiti zinazoshika hori kwenye faibaglasi. Drili isiwe kubwa kuliko ribiti yenyewe, usije ukapanua matundu.

Hori la zamani likitoka utashangaa wingi wa udongo. Ukwangue wote, osha, acha pakauke kabisa. Jaribu hori jipya bila gundi. Toboa matundu ya kutolea maji sehemu za chini kabisa kama hayapo. Likikaa vizuri, paka gundi ya bodi, lifunge kwa ribiti au bolti za chuma kisichoshika kutu, rudisha vipande vya kusawazisha kila kimoja mahali pake, weka mipira mipya ya bodi, na acha gundi ishike kwa muda ulioandikwa kwenye kopo kabla ya kushusha jeki. Pima mwanya tena. Ukibaki ulivyokuwa kwenye penseli yako, hamia upande wa pili.

Injini inachemka

*Niko Houston. Avanti yangu R1 ya 1964 inachemka kila nikikwama kwenye foleni. Nimebadilisha rejeta, themostati na pampu ya maji. Bado.*

Umebadilisha kila kitu isipokuwa mahali tatizo lilipo. Bloku za V8 za Studebaker zinajulikana kwa kujaza tope sehemu ya nyuma: mchanga uliobaki tangu kuyeyushwa chuma kiwandani, pamoja na kutu ya miaka sitini. Tope likiganda kuzunguka silinda za nyuma, maji hayafiki huko hata rejeta iwe mpya namna gani.

Kila upande wa bloku, chini, pana kizibo cha kumwagia maji. Injini ikiwa ya baridi, kifungue. Kama hakitoki kitu, umeshapata jibu. Chokoa kwa waya mgumu. Kama ni zege tupu, ng'oa vifuniko vya duara vilivyopigiliwa ubavuni mwa bloku, chimba tope kwa bisibisi na waya, kisha elekeza mpira wa maji kupitia tundu la themostati mpaka maji yatoke meupe pande zote mbili. Usitumie tindikali. Piga vifuniko vipya vya shaba nyeupe, ujaze maji yaliyochujwa na dawa ya rejeta nusu kwa nusu.

Jambo la pili ni la gari hili hasa. Avanti haina grili, inavuta hewa kutokea chini ya bampa. Pembeni na juu ya rejeta palikuwa na mipira na mabati ya kuiongoza hewa hiyo. Yakikosekana, hewa inapita kando badala ya kupita katikati ya rejeta. Yarudishe yote.

Taa hafifu

*Taa za Avanti yangu zinafifia, na mshale wa mafuta unacheza nikiwasha indiketa. Fundi amebadilisha dainamo na betri. — Msomaji, Indianapolis*

Tatizo ni athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Kwenye gari la bati, bodi nzima ni waya wa kurudisha umeme. Faibaglasi haipitishi umeme, kwa hiyo kila taa ya Avanti ina waya wake wa athi unaokwenda kwenye chuma, na waya mmoja ukishika kutu umeme unatafuta njia ya kurudi kupitia taa nyingine. Ndiyo maana indiketa inauchezesha mshale wa mafuta. Washa taa, weka ncha moja ya kipima umeme kwenye kikombe cha taa na nyingine kwenye hasi ya betri. Ukisoma zaidi ya volti 0.2, athi hiyo imechoka. Safisha kila kiungo kwa msasa mpaka chuma kimeremete, weka washa zenye meno, na uongeze waya mnene kutoka hasi ya betri hadi kwenye fremu na mwingine kutoka fremu hadi kwenye injini.

Nyufa kwenye bodi

*Fundi wetu wa rangi hajawahi kushika faibaglasi. Gari lina nyufa kwenye kona za boneti na moja juu ya mlango. Anataka kupiga mchanga kuondoa rangi ya zamani.*

Mzuie leo hii. Mchanga unachimba nyuzi, na dawa za kawaida za kuyeyusha rangi zinanyonywa na resini kisha zinatoka tena chini ya rangi mpya kama malengelenge. Rangi ya Avanti iondolewe kwa wembe mpana na msasa, 80 kwanza, 180 baadaye, kwa mkono penye kona.

Kwangua ufa mpaka kwenye nyuzi, ufute kwa thina. Mstari ukitoweka, ulikuwa kwenye rangi tu. Ukibaki mweusi, umeingia ndani. Hapo saga kingo zake kwa mteremko mrefu: milimita 12 kwa kila milimita moja ya unene, kwa hiyo bodi ya milimita 3 inataka sentimita tatu na nusu hivi kila upande wa ufa. Mteremko mfupi ndio unaofanya ufa kurudi baada ya mwaka. Kama unaweza kufika nyuma ya bodi, weka tabaka za huko kwanza. Ukitumia epoksi, ambayo inashika bodi ya zamani vizuri kuliko polista, chukua kitambaa kilichofumwa, si mkeka wa nyuzi fupi, kwa sababu gundi ya mikeka mingi huyeyuka ndani ya polista peke yake. Toa mapovu yote kwa rola. Vaeni barakoa nzuri na miwani, vumbi hili si la kuvuta.

Ila ule ufa wa juu ya mlango usiuguse bado. Bodi inapopinda ndipo kona hiyo hupasuka. Nenda kwanza kwenye mahori, ukishayamaliza ndipo uzibe.

Kuipeleka Nairobi

*Naweza kuinunua Marekani nikaisajili Kenya?*

Kwa matumizi ya kawaida, hapana. Kenya inataka gari linaloingia lisizidi miaka minane, na usukani uwe kulia. Avanti ina usukani kushoto na imevuka miaka sitini. Kama una ndugu Marekani, mnunue ikae huko.

Dramu za breki za nyuma hazitoki

*Nimefungua nati ya ekseli ya nyuma, nimevuta dramu kwa pula ya meno matatu mpaka ukingo umepinda. Inashikwa na nini?*

Dramu yako na habu ni kitu kimoja, na habu imebanwa kwenye ncha ya ekseli iliyochongwa kama koni. Pula ya meno itavunja dramu kabla ya kuilegeza. Inatakiwa pula nzito inayofungwa kwenye bolti zote tano za gurudumu, yenye bolti kubwa katikati ya kugongewa kwa nyundo. Rudisha nati ya ekseli, uiache imelegea mizunguko miwili, kwa sababu habu ikiachia huruka kwa nguvu ya kuvunja mguu. Kaza, gonga, kaza tena. Ikikataa, iache usiku mzima ikiwa imekazwa.

Wakati wa kurudisha, koni na tundu lake viwe vikavu na safi kabisa, bila grisi. Grisi inaifanya habu ipande mbali kupita kiasi na kupasuka. Kipande kidogo cha chuma kinachokaa kwenye mfereji wa ekseli kiwe kipya, nati ikazwe kwa spana ya kipimo kulingana na kitabu cha gari, na pini ya kuifunga isisahaulike. Dramu iliyopinda usiinyooshe.

Kwa kuwa umeshafika huko, kagua na breki za mbele. Ni diski zilizotengenezwa na Bendix kwa mfumo wa Dunlop, na pistoni zake hushika kutu gari likilala. Mwambie fundi avike silinda zake, kwa ndani, mabomba membamba ya chuma kisichoshika kutu. Kisha tazama masta silinda: ya asili ni ya njia moja, maana yake mpira mmoja ukipasuka breki zote nne zinaondoka. Weka ya njia mbili, na uhifadhi ya zamani kwenye boksi kwa atakayelinunua gari baada yako.